Mlango Usio na Nyumba, Safu ya Mbele

Jumatatu, 3 Machi
Furaha iliyoje! Jumamosi wanacheza "Mlango Usio na Nyumba" katika ukumbi wa mji. Tamthilia yangu! Nimeisoma tangu shuleni hadi kitabu kikaachia jalada, ila jukwaani sijawahi kuiona. Familia ina mlango, haina nyumba. Wanausimamisha popote, wanakaa nyuma yake, wanasubiri hodi. Basi. Mke wangu asema upuuzi huo hata yeye angeuandika huku akipiga pasi. Nimemsamehe.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Aliyepewa kazi ya kuutengeneza mlango ni kaka yake mke wangu, seremala! Hajasoma hata ukurasa mmoja. Ameniuliza unafungukia ndani au nje. Nikamweleza kwamba mlango ule hauna ndani. Akanitazama kwa huruma, akasema basi atapima mwenyewe. Asiyejua maana haambiwi maana.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda mazoezini kujitolea. Nikamwambia mwongozaji, mama mkali mwenye sauti ndogo, kuwa tamthilia nzima ninayo kichwani. Nikae pembeni niwakumbushe waigizaji maneno. Akauliza kazi yangu. Natengeneza miwani, nikasema. Akajibu kwamba waigizaji wake wanaona vizuri. Nikaanza kumghania ukurasa wa kwanza. Katikati ya wa pili mlinzi akanishika kiwiko. Kwa adabu, lazima niseme.

Ijumaa, 7 Machi
Mbinu mpya: nimemsaidia shemeji kuupeleka mlango ukumbini. Nilitangulia kinyumenyume, nikimfafanulia maana ya mlango. Ngazi sikuziona. Nimeanguka, mlango juu yangu. Shemeji akauliza kwa wasiwasi kama umechubuka. Mlango! Mwongozaji, sijui kwa huruma au kwa hofu, ametupa viti vitatu vya mbele. Nimeteguka kifundo. Nimeshinda.

Jumapili, 9 Machi
Nianzie wapi? Jana taa zilipofifia niliinama mbele kitini. Miaka yote niliwasikia wahusika wale kwa sauti yangu mwenyewe. Kumbe mama mzee wa mle ana kikohozi. Kumbe baba ana haya. Watu walicheka, mke wangu akacheka mpaka akanishika bega.

Kisha mwisho. Mama mzee anasogea mlangoni, anaweka sikio kwenye ubao. Kitabuni, hapo huuliza, "Nani?" Hakuuliza. Akasikiliza. Ukumbi mzima ukasikiliza naye. Kimya kikazidi. Masikini, amesahau! Nikainuka kwa mguu mmoja, nikapaza sauti: "Nani?"

Akageuka taratibu, akanitazama machoni.

"Hakuna mtu, baba," akasema. "Kaa."

Nikakaa.

Njiani mke wangu alitangulia hatua kadhaa. Nikadhani ni aibu. Tulipokaribia nyumbani akasimama.

"Mama alipofariki," akasema, "nilikuwa nasikiliza mlango kila jioni. Alikuwa anabisha kwa kucha, unakumbuka?"

Nikasema nakumbuka.

"Pale kwenye kimya nilikuwa karibu kumsikia. Ukapiga kelele, mume wangu."

Nikampa mkono, akaushika. Nyuma yetu shemeji alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake, mabega yakitikisika. Ni mama yake pia. Mwaka mzima sikuwahi kumuuliza yeye anaendeleaje. Tukamngoja. Akajifuta kwa mkono wa shati, akasema twende, kifundo changu kitavimba.

Jumatatu, 10 Machi
Sikulala vizuri. Nimejichunguza kwa ukali, bila kujionea huruma, na kosa nimeliona: nilisimama. Mtu wa busara humkumbusha mwigizaji akiwa ameketi.

Jumamosi wanaicheza tena. Mke wangu na kaka yake watakwenda. Wawili tu, wameniomba kwa upole, wakae na mama yao. Naelewa kabisa. Ningekuwa mimi, ningeomba vivyo hivyo.

Nimeshapata kiti nyuma yao. Yule mama mzee akisahau tena, nitanong'ona tu.