Jinsi Stanislausi wa Makoko Alivyomeza Kidonge Kimoja Butiama

Sogeeni, enyi watu wa Makoko na Buhare, sogeeni na ninyi mliotoka Bunda na vumbi la pamba masharubuni. Aliye na kikohozi akohoe sasa, aliye na mazungumzo ya pembeni ayamalize, kwa maana ninayowaletea si habari ya majeshi wala ya wafalme walionyang'anyana nchi. Ni makubwa kuliko hayo. Ni habari ya kidonge kimoja, cha rangi ya machungwa, kidogo kuliko punje ya hindi, na jinsi kilivyoingia tumboni mwa Stanislausi kwa heshima zote. Mimi nilikuwapo, nilipanda naye lori lilelile.

Ilikuwa miaka ile foleni za sabuni zilipokwisha, maduka yakafunguka kila kona, na dawa zikawa zinauzwa jirani na misumari, zikifungwa kwenye kipande cha gazeti kama karanga. Naye Stanislausi, Mvuta Kokoro, ule wavu mrefu wa ziwani, Mtesi wa Sangara, mtu ambaye ujanani mawimbi yalikuwa yakimwona yanalala, alikuwa amefikwa na adui asiyevuliwa kwa nyavu: yabisi ya viungo, iliyopanda miguuni usiku wa baridi, ikapiga kambi katika magoti yake mawili, ikajenga na ngome.

Hospitali walimpa vile vidonge vya machungwa, na pamoja na vidonge wakampa sheria. Daktari alisema: "Mzee, hii hailiwi na tumbo tupu. Kula kwanza, ushibe kiasi. Kidonge kimoja, na maji kikombe kizima. Usichanganye na aspirini wala dawa nyingine ya maumivu, maana hizo ni ukoo mmoja, zikikutana tumboni zinachimba. Pombe weka mbali. Na ukiona choo cheusi kama lami, acha dawa, kimbia huku."

Stanislausi hakubisha, kwa sababu alikuwa amemwona jirani yake Clementi. Clementi alikuwa akimeza vidonge alfajiri bila hata chai, akiongeza na vya dukani juu yake, mpaka siku moja akabebwa kwenye baiskeli, amepauka kama samaki wa juzi, tumbo linavuja damu kwa ndani. Alipona, lakini kwa shida. Tangu hapo Pelagia, mke wa Stanislausi na mama wa mtoto wao Danford, alifunga vidonge vya mumewe kwenye pindo la khanga, akawa mlinzi wa ghala la silaha. Hakitoki kimoja bila sahani kutangulia.

Basi ikafika siku ya harusi ya Robi, binti wa Burito, huko Butiama. Burito ni kaka yake Pelagia. Na kwa ukoo ule, mume wa shangazi ndiye anayemshika bibi harusi mkono, akamtoa mlangoni kwa bibi yake mpaka kwenye gari. Asipoweza yeye, bibi harusi hutolewa na mwingine, na shangazi hubaki na aibu yake mpaka kufa. Heshima yote ya Pelagia, enyi wasikilizaji, ilikuwa imewekwa juu ya magoti mawili mabovu!

Tulilala Bunda, tulikokuwa na shughuli kwanza. Alfajiri tukapanda lori la pamba, na mkakati ulikuwa mzuri kuliko mikakati yote: tule Kiabakari, chapati na supu, kisha kidonge, kisha ukweni. Kwa sababu mkwe mwanamume ukweni halagi mbele ya mama mkwe. Anafika ameshiba, anakaa ameshiba, anaondoka ameshiba, hata kama anakufa njaa. Lakini dereva yule, mwenye moyo wa jiwe la mgodini, hakusimama Kiabakari. Tulipiga bodi, tukapiga kelele. Chapati zikapita upande wa kushoto, zinatoa moshi, tukaziaga kwa macho.

Tulipofika Butiama, Stanislausi aliteremshwa kama gunia, akaketishwa kwenye kiti uwanjani. Magoti yakafunga. Akajaribu kusimama, yakakataa. Akajaribu tena, akatoa sauti ambayo hata mbuzi waliigeukia. Na hatua chache mbele yake, juu ya kigoda chake, uso kwa uso naye, alikuwa ameketi Bibi Wankyo, mama yake Pelagia, Malkia wa Boma, ambaye miguu yake imechoka lakini macho yake yanahesabu kuku mpaka ng'ambo ya barabara.

Tazameni basi alivyozingirwa! Bila kidonge hasimami. Bila chakula kidonge hakimezwi. Na mbele ya macho yale chakula hakiliwi. Huko nje pikapu ya bwana harusi imeshaanza kupiga honi.

Akaja Burito, amechangamka, kikombe cha gongo mkono mmoja, kipande cha gazeti mkono mwingine. Akainama kama mjumbe wa amani.

"Shemeji, unateseka bure. Nina vyeupe hapa vya dukani, viwili. Changanya na hicho chako cha machungwa, shushia na hiki kikombe, utacheza mpaka kesho. Mimi nilikuwaga na mgongo, nikafanya hivyohivyo."

"Na tumbo je?"

"Tumbo la mvuvi linaogopa vidonge?"

Stanislausi alivitazama vile vyeupe. Nawaambia, nimeona wanaume wakikabiliana na kiboko pale ziwani, lakini sijaona vita kama ile iliyopiganwa usoni mwake. Honi ikalia tena. Mkono ukanyanyuka, ukasogea, ukafika karibu na gazeti.

Kisha ukarudi pajani.

"Shemeji," akasema, kwa sauti ya kuhutubia mkutano, "damu ya Clementi niliiona kwa macho yangu. Mimi nilitoka Makoko kumtoa bibi harusi. Sikuja kutolewa mimi. Kunywa mwenyewe."

"Baba Danford umesema!" akadakia Pelagia, na hapo hapo akageuka, akapiga goti mbele ya mama yake.

"Mama, mkweo ana dawa. Dawa inataka chakula. Naye hawezi kunyanyuka aende kujificha."

"Kwani nani amemkataza kula?"

"Macho yako, mama."

Bibi Wankyo akanyoosha shingo.

"Kwa hiyo niondoke mimi? Kwenye boma langu? Na wageni wote hawa wananitazama?"

"Usiondoke, mama. Geuka tu."

"Tangu niolewe hapa sijampa mgeni mgongo."

"Mama, akianguka huyu leo, Robi atatolewa na nani? Na mimi nitarudije hapa?"

Kisha Bibi Wankyo, kwa ukubwa ambao sijauona kwa wenye vyeo, akashika kigoda chake, akakizungusha, mguu wa kwanza, mguu wa pili, akakaa ameuelekea ukuta. "Mleteeni," akauambia ukuta. "Na mumjazie."

Ukaja ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, mlima wenye kilele, na mchuzi wa mbuzi. Stanislausi akauvamia kutoka kusini, akauzunguka mashariki, akauteka wote. Pelagia akafungua pindo. Kidonge kikatoka, kimoja, peke yake. Kikombe cha maji, kizima. Kichwa kikarudi nyuma, koo likapanda, likashuka.

"Kimepita!" akapaza Pelagia, na vigelegele vikajibu mpaka zizini.

"Ongeza kimoja basi," Burito akanong'ona.

"Kimoja," akasema Stanislausi.

Tukamwambia dereva wa pikapu aache honi, dawa siyo radi. Tukapiga soga, Robi akafungwa kitambaa upya. Na baadaye, Mvuta Kokoro akashika mikono ya kiti, akanyanyuka. Polepole, kwa milio ya mlango wa zamani, lakini akanyanyuka! Akamshika Robi mkono, akamtoa mlangoni, akatembea kama bata aliyeshiba mpaka kwenye gari, na Pelagia nyuma yake analia bila kuficha.

Liandikwe, enyi wa Mara! Wako waliovunja ngome na kuchoma miji; lakini Stanislausi alikula kwanza, akameza kimoja, akakataa vya watu, na tumbo lake lipo mpaka leo. Pikapu ilipokwisha kuondoka ndipo tukamkumbuka Bibi Wankyo, bado ameukabili ukuta. Pelagia akakimbia kumgeuza.

"Mimi sikuona kitu," akatangaza mbele ya wote. "Ila nimesikia. Mwanangu, huyu mtu anatafunaga hivi kila siku?"