Kila Kilio Shilingi Mia Tano

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimechoka kuwa mjinga. Nimechoka!

Leo nimekaa barazani nikahesabu. Watoto kumi na wanne katika kituo cha mke wangu Dorkasi, hapa Nguvumali. Kila mmoja elfu arobaini kwa mwezi. Uji humo humo. Nepi humo humo. Kubembeleza humo humo. Mtoto Turki, mwaka mmoja na nusu, amelia tangu saa mbili mpaka saa nne na robo, na babake hatatoa hata senti ya ziada! Dorkasi kambeba mgongoni huku anakoroga uji. Nikamwambia hiyo ni huduma maalumu. Akasema huyo ni mtoto, analia.

Na Ghaliya, mwenye duka la vitambaa Chumbageni! Kituo kinafungwa saa kumi na moja. Yeye huja kumchukua binti yake Nihal adhana ya Magharibi ikilia, ananukia udi, anasema samahani shemeji. Shemeji! Undugu umeanza lini?

Miaka kumi na moja nilikuwa karani wa shamba la mkonge njia ya Pongwe. Hakuna aliyenichezea. Kila mfanyakazi na kipande chake, kadi ya viboksi ishirini na vinne. Kazi ikifanyika, karani anatia alama. Kadi ikijaa, sahihi na muhuri, hesabu inafungwa. Mwaka juzi wakatupunguza. Sasa nakula kwa mkono wa mke. Majirani wananiita Baba Kituo, halafu wanacheka. Inauma, nakiri.

Lakini kadi moja tupu niliondoka nayo. Huwa naiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Leo nimeitoa nikaitazama. Wazo limekuja lenyewe.

Mbio mpaka kwa Tahiri, mwenye steshenari. Nimemwagiza anitolee nakala. Juu aondoe jina la shamba, aweke la kituo. Kwenye kazi aondoe kukata mkonge na kuanika katani, aweke uji, nepi, kuogesha, kubembeleza, kulaza. Kila alama shilingi mia tano. Tahiri akaniuliza mstari wa chini kabisa je, nao abadilishe? Nikamwambia kazi yake ni kubonyeza, ya kufikiri aniachie mimi. Kadi hiyo imetumika tangu enzi za babu zetu. Kitu kizuri hakiguswi.

Jumanne, 4 Februari

Dorkasi kaiona kadi. Hakuisoma, mikono ilikuwa na unga. Amesema mzazi hata mmoja akiondoka kwa ajili ya ujanja wangu, mimi ndiye nitakayekwenda Lushoto kwa kaka yangu nikalime kabichi, na nisirudi mpaka niitwe. Tena amenikumbusha kwamba binti yetu Blessing yuko chuo Dodoma, na ada yake inatoka kwenye sufuria hii ya uji, si kwenye mdomo wangu. Maneno makali. Mkurugenzi wa Fedha habishani na jikoni.

Cheo hicho nimejipa leo asubuhi.

Jioni nimegawa. Nimesimama mlangoni, kila mzazi na kadi yake, nikawaambia kila huduma alama yake, kila alama mia tano, na waje nazo kila siku. Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa na majibu sita tayari. Hayakuhitajika! Walisoma kadi juu mpaka chini, wakatazamana, wakanishukuru. Wakanishukuru!

Bibi yake mtoto Noa ndiye aliyenishangaza zaidi. Mama mtu mzima, kaanika katani miaka ishirini na mbili kwenye shamba lile lile, kabla yangu. Nilimwamkia shikamoo. Akavaa miwani, akasoma mara mbili midomo ikichezacheza, akaikunja kadi taratibu akaifunga kwenye pindo la kanga. Akasema marahaba mwanangu, Mungu asikupunguzie moyo huo. Ghaliya naye akasema hakujua kama shemeji nina roho nzuri namna hii.

Sikuelewa. Lakini sifa hairudishwi.

Jumatano, 5 Februari

Sijapata kuona siku kama hii! Kadi zote kumi na nne zimekuja. Na wazazi wenyewe ndio wanaohimiza alama! Bibi yake Noa kaomba Noa apewe uji mara mbili, alama mbili. Ghaliya anataka Nihal aogeshwe kila baada ya saa mbili, eti joto la Tanga halina huruma. Babake Turki kanishika mkono, kanisihi nisisahau vilio. Kila kilio na alama yake. Mtu mwenye akili! Nilikuwa simjui.

Nimetia alama mpaka kidole kimeota lengelenge. Chafya, alama. Kufunga kamba za viatu, alama. Turki amelia mara saba, na mimi nikawa namwombea ya nane. Dorkasi kanitazama, akasema mtoto akililia wembe mpe. Nikamuuliza mtoto gani. Akarudi jikoni.

Kufikia saa kumi kadi tisa zimejaa. Nikatia sahihi, nikagonga muhuri niliouchongesha mwenyewe mjini. Tisa mara elfu kumi na mbili ni laki moja na elfu nane. Laki na ushei, kwa siku moja! Nimenunua kitabu cha risiti na kopo la kuwekea fedha. Kopo nimelikosha mara mbili.

Alhamisi, 6 Februari

Naandika, kalamu inatoboa karatasi. Kwa hasira, si kwa woga.

Saa moja asubuhi, foleni mlangoni. Wazazi tisa, kadi tisa. Nikatoa meza. Nikapanga kopo, risiti, muhuri. Nikakaa. Wa kwanza bibi yake Noa. Akaweka kadi mezani, akafungua kiganja. Nikangoja atoe pesa. Naye akangoja. Tukatazamana. Mwishowe akaniambia, kwa upole kabisa, nisimzungushe, ameacha chai jikoni.

Nikauliza kuzungusha nini. Akaweka kidole chini ya kadi. Nikasoma: *Mwenye kipande hiki amemaliza kazi zake zote. Alipwe na karani siku hiyo hiyo, pasipo kuzungushwa.* Chini yake sahihi yangu. Juu ya sahihi yangu, muhuri wangu!

Nimemlaani Tahiri na mashine yake. Nikapaza sauti kwamba kazi kaifanya Dorkasi, si mtoto, mtoto kanywa uji tu! Bibi yake Noa akaniuliza kama nimewahi kuunywa uji wenyewe. Foleni nzima ikaangua kicheko. Ghaliya akasema Nihal kaogeshwa mara tano kutwa moja mpaka vidole vikakunjamana, kama hiyo si kazi basi nimweleze kazi ni ipi. Babake Turki, yule niliyemwita mwenye akili, akadai malipo ya ziada. Kilio cha saba kilitoka baada ya saa kumi!

Wakamwita Mzee Jumbe, mwenyekiti wa mtaa. Kasoma polepole. Akauliza sahihi ya nani. Yangu. Muhuri wa nani. Wangu. Nani kanilazimisha? Nikaanza kupanga risiti upya. Akasema yeye anavyojua, kipande kikijaa anayelipwa ni mwenye kipande, na aliyekuwa karani miaka kumi na moja hawezi kudai kwamba hajui. Nilipe, ama wazazi wafanye wanavyoona.

Ndani ya kopo mlikuwa na elfu mbili na kifungo cha shati.

Wakafanya walivyoona. Watoto tisa wameondoka kabla ya uji. Wakaongea wazi kwamba hawarudi mpaka karani alipe. Noa kanipungia mkono mpaka kwenye kona. Wamebaki watano, na watano hawapeleki mtu chuo Dodoma, hata mimi najua. Dorkasi alikuwa anapoza uji wa watoto kumi na wanne, anaumimina sufuria hii, anaurudisha ile. Angegomba ningemjibu. Hakugomba.

Ijumaa, 7 Februari

Dorkasi kajifunga kanga, katoka asubuhi. Nyumba kwa nyumba, Nguvumali mpaka Chumbageni, kwa miguu, kuniombea radhi. Radhi! Wakati aliyedhulumiwa ni mimi! Kaniachia wale watano.

Saa mbili: wawili wanalia. Saa mbili na nusu: watano wanalia. Saa tatu: kitabu changu cha risiti kimepakwa uji, ukurasa kwa ukurasa, kwa bidii ambayo sijapata kuiona kwa mtu mzima. Saa tatu na nusu: nepi. Sitaandika.

Saa nne nimekaa sakafuni nikalia mimi. Kwanza kimoyomoyo, halafu kwa sauti. Watoto wakanyamaza, wakaja kunitazama. Mmoja akanipa muhogo aliokwisha kuutafuna. Nikaula. Sijui kwa nini nimeula.

Dorkasi amefanya haya miaka sita. Kila siku. Kumi na wanne! Na kwa bei ya kutupa! Hasira zangu zikanirudia upya.

Jumamosi, 8 Februari

Wamerudi. Wote tisa. Hakuna aliyetaka senti, kadi wamerudisha. Sharti ni moja: nisishike kalamu ndani ya kituo. Hata ya rangi. Dorkasi kakubali pale pale. Hakuniuliza. Naandika haya nikiwa nyuma ya banda la kuku.

Bibi yake Noa kaja mwenyewe kurudisha kadi. Akakaa, akaomba maji, akasimulia. Siku moja alianika katani kutwa nzima na mtoto mgongoni. Akaketi mara mbili kumnyonyesha. Jioni karani akamnyima alama. Kutwa nzima bure. Mtoto yule ndiye babake Noa. Akasema pesa yangu hakuitaka kamwe, alitaka mara moja tu maishani mwake amwone karani naye anatoka jasho. Ameona. Ameridhika.

Nikamwongezea maji bila kuhesabu. Kweli kabisa. Nilitaka kusema pole mama. Nikasema kwa mujibu wa kanuni karani yule alikuwa sahihi.

Dorkasi alinikanyaga. Ukucha umekuwa mweusi.

Baadaye kaniambia Lushoto nimesamehewa kwa safari hii, kwa kuwa nilikaa na watoto watano na hakupotea hata mmoja. Akaniambia ahsante. Sijaambiwa ahsante tangu nilipopunguzwa kazini. Neno tamu sana. Lakini halinunui hata vocha.

Jumapili, 9 Februari

Tumetoka kanisani. Mahubiri yalihusu unyenyekevu. Yaliwafaa sana wengi waliokuwepo.

Wazazi siwagusi tena. Hapo nimejifunza! Kosa langu lilikuwa kuanza na watu wa nje. Mwenye busara huanzia nyumbani. Katika wimbo wa pili nikajiuliza, ni nani nyumbani kwangu anayepokea huduma bila kulipa? Nikageuza shingo. Kakaa pembeni yangu, anaimba!

Nimeandaa ankara. Kukaa na watoto watano, Ijumaa: elfu ishirini. Kula muhogo uliotafunwa: elfu mbili. Kukanyagwa: elfu tano. Kuombewa radhi bila idhini: elfu kumi. Jumla elfu thelathini na saba. Kumsikiliza akikoroma sikuandika. Mimi si mnyama. Nimetia sahihi, nimegonga muhuri, nimeiweka chini ya sahani yake ya pilau.

Ameiona. Ameisoma juu mpaka chini, mara mbili. Hakugomba. Amenawa mikono, ameingia chumbani, na sasa namsikia anaburuta kiti, anashusha sanduku langu la safari kutoka juu ya kabati.

Kumbe ndimo anamoficha pesa!