Jua, Usukani na Shemeji Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimegonga gati tena. Mbele ya abiria! Mzee mmoja kaanguka na kapu lake la nyanya. Kosa si langu, ni la jua. Safari ya asubuhi linanipiga machoni kupitia kioo cha mbele, gati silioni, naona weupe mtupu. Meneja wa kivuko haelewi. Kasema Ijumaa mkaguzi atapanda nami. Nikigonga tena, usukani anapewa shemeji.

Shemeji! Kaka wa mke wangu, mfunga kamba. Kazi nilimtafutia mimi mwenyewe!

Jumanne, 4 Machi
Nimetundika pazia la maua la chumbani kwetu kwenye kioo. Upepo ukaingia, likanifunika kichwa kizima. Mkono mmoja usukanini, mwingine napigana na maua. Abiria walicheka mpaka wakashika mbavu. Mke wangu kauliza pazia liko wapi. Nikasema kwa dobi.

Shemeji naye kajitia mshauri. Eti mbaya si jua, ni dashibodi. Eti ile rangi nyeupe ya mafuta niliyopaka mwezi uliopita ndiyo inayorusha mwanga kwenye kioo. Wivu huo! Hakuna kivuko kingine chenye usukani msafi kama wangu.

Jumatano, 5 Machi
Nimebandika ile karatasi nyeusi ya vioo vya magari, kioo kizima. Asubuhi raha mustarehe! Nikampigia shemeji mluzi wa kumkomoa.

Alasiri wingu likatanda, mvua ikashuka. Giza totoro. Nilisikia mayowe kabla sijaona mtumbwi, mama na watoto wake ndani. Nilikata usukani hadi chombo kikalala ubavu. Tuliwapita karibu kiasi cha kupeana mikono. Karatasi nimeibandua yote kwa kucha. Niliogopa, jamani, niliogopa sana.

Ijumaa, 7 Machi
Jua kali, utadhani limetumwa. Mkaguzi kasimama begani kwangu. Gati linakaribia, najua, lakini silioni! Jasho chapachapa. Nasikia watu wanaongea gatini. Nikate upande gani?

Mara shemeji akaingia bila hodi, akavua koti lake jeusi, akalitandaza juu ya dashibodi yangu. Na gati hilo hapo! Kila ubao, kila msumari, na mama mjamzito kakaa ukingoni, miguu inaning'inia. Nikatia rivasi kwa nguvu zangu zote. Tuligusa taratibu, hata chai isingemwagika.

Mkaguzi kauliza koti ni wazo la nani. Shemeji alikuwa keshatoka, anafunga kamba. Nikasema la kwangu.

Usukani umebaki wangu! Shemeji kanipongeza kwa moyo mweupe, jambo lililoniudhi sana. Nimemrudishia koti lake, nikamwonya asiingie tena kwa nahodha bila ruhusa.

Jumamosi, 8 Machi
Mkaguzi kaagiza dashibodi ipakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Muuza rangi kanionyesha. Loo, imefifia kama masizi ya sufuria! Nahodha mzima nikae mbele ya kitu kile? Kasisitiza ndiyo dawa yenyewe. Nikamwambia nyeusi ni nyeusi tu, nipe ya mafuta.

Nimepaka mara tatu. Inang'aa mpaka naona meno yangu! Shemeji kaja kuitazama, kashika kichwa, kaondoka. Wivu bado haujamtoka.