Mume Aliyerudishwa na Mashine ya Barafu

Kwa Meneja,
Kituo cha Umeme wa Upepo.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima na kiti chako kimeshapata joto. Mimi ni mke wa fundi wa kamba, yule mrefu mnayemwita Twiga huko kazini. Sina mazoea ya kuwaandikia wakubwa, ila safari hii yamenifika shingoni.

Kwa miaka kumi na mitano, kila barafu ilipoganda kwenye mapanga ya minara yenu, mume wangu alipanda mlimani na wenzake, wakaning'inia kwenye kamba na kuigonga kwa nyundo za mpira. Alikaa kambini siku kumi, mara nyingine wiki mbili. Mwaka huu mmebandika vidude ndani ya mapanga. Naambiwa vinatetemeka upesi mno, kwa sauti ambayo sikio la binadamu haliipati, na barafu inaachia yenyewe na kudondoka. Kazi ya mume wangu sasa ni kubonyeza swichi, na saa kumi na moja kamili yuko mlangoni kwangu. Hongereni sana. Sasa naomba unisikilize.

1. Jikoni. Amepanga mifuniko ya sufuria zangu kwa ukubwa, akabandika na karatasi ya maelekezo ukutani. Juzi kaniuliza kwa nini nakata vitunguu kabla ya kuwasha jiko. Meneja, mtu huyu nimempikia miaka yote hiyo bila msimamizi.

2. Mapenzi. Akiwa kambini alinipigia simu kila jioni, maneno laini mpaka nakosa pa kuuweka uso. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini wahenga hawakuwahi kupigiwa simu na mume aliye mbali. Siku hizi ananipigia kutoka sebuleni, mimi nipo jikoni, kuuliza rimoti iko wapi. Huwa ameikalia.

3. Mama mkwe. Zamani mwanawe akikonda, lawama ilikuwa ya mlima. Sasa mlima umefutiwa kesi na mshitakiwa nimebaki peke yangu. Amekuja kuniangalia napika vipi, na begi alilokuja nalo si la siku mbili.

4. Kochi. Akishavua viatu anaganda pale mpaka usingizi umchukue, na ukimchukua anakoroma. Wahandisi wako wameweza kutetemesha panga refu kuliko nyumba yangu bila mtu kusikia kitu, halafu mimi mnaniletea pua inayotikisa madirisha. Naomba vidude viwili, kimoja cha pua na kimoja cha chini ya kochi. Kama kilichoganda kikitetemeshwa huachia, na huyu ataachia. Tafadhali viwe vya nguvu, ana kilo tisini.

5. Hili ndilo linaloniuma hasa. Msimu wa barafu sisi wake wa mafundi tulikutana kwangu kila alasiri, miguu juu ya meza, tukacheka mpaka mbavu zikauma, wala hapakuwa na mtu wa kuuliza chakula kiko wapi. Sasa tumerudishiwa waume wote kwa mkupuo. Tunaonana sokoni tu, tena kwa kunong'ona. Mmetuvunjia chama na hata kikaoni hamkutuita.

Kwa hiyo naomba mashine zizimwe kwenye minara mitatu tu, barafu igande kwa raha zake, na mume wangu apande kama zamani. Mitatu ikishindikana, basi mmoja, ule wa mbali kabisa. Wenzangu saba wameunga mkono na sahihi zao ziko nyuma ya karatasi hii.

Nisalimie karani wako, dereva wa gari la kambi, na mlinzi wa getini. Msalimie na mama watoto wako, ambaye nadhani anakupenda zaidi ukiwa ofisini.

Ni mimi, kwa adabu zote na uchovu kidogo,
Mke wa Twiga

Nyongeza: Nimeipeleka barua hii kwa mwenzetu wa nane ili naye atie sahihi. Unamfahamu, mumewe ndiye aliyeanguka kutoka mnara wa sita mwaka juzi, akigonga barafu, tukamzika. Ameisoma yote, akacheka alipofika kwenye kochi, kisha akanirudishia kalamu bila kuandika kitu. Akaniuliza kama mashine hii mwaka juzi ilikuwa haijabuniwa, au ilikuwepo na nyinyi mlikuwa bado mnaijadili. Nikaona aibu mpaka miguuni. Nimerudi nyumbani, nimemkuta mume wangu amelala, nimemfunika shuka. Malalamiko yangu yote yafute, Meneja, na mashine ziwashwe minara yote. Lakini swali la mwenzetu huyo lina haki ya kujibiwa. Usinijibu mimi kwa barua. Nenda kwake, ukae, umwambie mwenyewe.