Mkia wa Kumbukumbu

Jumatatu, 3 Machi
Kazi yangu ni kuchora mipaka. Mashine ya sumaku inapiga picha za ubongo, nami nazungushia mstari ile sehemu ndogo ya kumbukumbu, ili kompyuta ijifunze kuitafuta yenyewe. Picha mia mbili, kwa mkono! Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Rula, ana mia mbili zake. Ijumaa, Mkuu wa ofisi ataajiri mmoja wetu. Mwingine, kwaheri. Mke wangu ameshachagua mapazia.

Jumanne, 4 Machi
Picha tano asubuhi, safi kabisa. Baada ya chakula, tano nyingine. Jua begani, ubongo wa kijivu ukageuka mawingu, nikapaa. Nilikuwa nayachunga, polepole, kila wingu na kumbukumbu ya mtu ndani yake. Raha iliyoje! Rula akakohoa. Bahati nzuri mkono haukuachia kipanya cha kompyuta.

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Nimeipa kompyuta zile kumi ijifunze, ikachora mia na tisini zilizobaki. Rula yuko kwenye ya sitini, maskini. Kaniuliza kama nimezikagua. Nimemwambia aache wivu.

Alhamisi, 6 Machi
Sina kazi. Nimetazama dari. Mke wangu kashona mapazia.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu kazionyesha picha zangu ukutani. Balaa! Karibu kila ubongo una kumbukumbu yenye mkia mrefu, unateleza mpaka sikioni. Kauliza huu ni ugonjwa gani. Nikasema labda mpya. Rula akaiinamia picha ya sita, akasema taratibu kwamba hapo ndipo niliposinzia Jumanne: mkono ulishuka, mstari ukashuka nao. Kompyuta imejifunza usingizi wangu! Nimeona aibu. Na fahari kidogo, sifichi. Kazi kapewa Rula.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kayakunja mapazia. Hilo limeniuma kuliko yote. Kisha Rula kapiga simu: kaniombea kwa Mkuu, nimepewa wiki moja nizirudie zote, macho wazi. Machozi yalinilengalenga.

Nimekaa nikatafakari kosa langu. Nimeliona: picha kumi za kufundishia zilikuwa nyingi mno. Safari hii nitachora moja tu, asubuhi, kabla sijala. Hizo nyingine itamaliza kompyuta, mimi nipae zangu mawinguni.

Nimemwambia mke wangu ayatundike mapazia.