Saa Thelathini na Moja za Usingizi

Jina lake la kwenye vitambulisho lilikuwa refu, tena vitambulisho vyenyewe vilikuwa vitatu na havikukubaliana, kwa hiyo watu walimwita Mhuri, wakamaliza. Siku hiyo alikuwa kwenye benchi la hospitali moja ya binafsi akimsubiri shangazi yake, aliyepasuliwa ngiri kwa ghafla. Keshia akamsogezea karatasi asaini. Watu wengine husaini. Mhuri alisoma.

Ilisema: huduma ya nusukaputi, yaani usingizi wa upasuaji, dakika sabini. Chini yake palikuwa na kiboksi cha dharura, ndiyo au hapana. Kwenye ndiyo palitiwa tiki, na kwa ajili ya tiki hiyo bei ilikuwa imepanda kwa nusu nzima.

"Dada," akauliza kwa sauti ya mtu aliye ibadani, "hii tiki nani huitia?"

"Anayejaza fomu."

"Na bima hulipa?"

"Hulipa. Saini hapo, kaka, watu wanasubiri."

Shangazi alipotolewa kwenye kiti cha magurudumu alimkuta mtoto wa kaka yake analengwalengwa na machozi. Akadhani ni upendo.

Kesho yake Mhuri alivaa koti, akapanda ghorofani kwa mwenye hospitali, mzee aliyezoea kuzungukia vyumba akizima taa kwa mkono wake mwenyewe ili bili ya umeme isimchezee.

"Mzee, mwezi uliopita mlikuwa na dharura ngapi?"

"Tatu."

"Tatu! Mji mzima huu! Watu wenu wanaumwa kwa utaratibu mno, mzee. Na wanalala kidogo. Bima inalipa usingizi kwa kila robo saa, nyinyi mnawaamsha kama mnawahi shamba."

Mzee alifikiri kwa muda wa kutosha mtu kuonekana mwadilifu, kisha akauliza Mhuri anataka fungu gani. Walikubaliana moja ya tano, pamoja na chumba cha chini ya ngazi chenye meza na kufuli.

Kikwazo kilikuwa mtaalamu wa usingizi mwenyewe, mama wa makamo aliyekuwa amelaza nusu ya mji na kuiamsha yote. Walimwita Mama Usingizi.

"Shikamoo mama. Hapa umeandika dakika kumi na moja."

"Marahaba. Ndizo zilizokuwa."

"Jipu la kidole nalo lina heshima yake, mama."

"Mwanangu, mimi huandika mgonjwa alipolala na alipoamka. Ukitaka hadithi, kawaulize wagonjwa wameota nini."

Basi Mhuri akajifungia chini ya ngazi, akajifunza saini ya mama yule kwa siku moja, akaanza kazi. Fomu za kweli aliziweka kabatini, za kwake zikaenda bima. Kucha iliyoota vibaya ikawa dharura. Chunusi kubwa ikawa dharura. Jipu la kidole likalala saa tano. Bima ikalipa, mzee akaanza kuacha taa zinawaka, na Mhuri akanunua viatu vinavyolia anapotembea, ili watu wajue kuwa anatembea.

Mwezi wa tatu wa kazi hiyo akaja mkaguzi wa bima. Mtu mwembamba, koti limempwaya mabegani, faili kwapani. Hakunywa chai aliyoletewa. Alifungua faili mbele ya Mhuri na mzee, akakohoa.

"Tarehe kumi na mbili, mtaalamu wenu mmoja alilaza watu kwa jumla ya saa thelathini na moja. Sisi kwenye kampuni siku yetu ina saa ishirini na nne. Ya kwenu ina ngapi?"

Mzee alimtazama Mhuri. Mhuri alitazama chai.

"Mheshimiwa," akasema hatimaye, "binadamu huongea."

Mkaguzi hakutaka kuongea. Alishika kichwa, akaitaja kazi yake, akaitaja dhamira yake, na kila alipoitaja dhamira bei ilipanda. Mwisho walimhesabia bahasha nene, mzee akitoa sehemu kubwa na Mhuri akiba yake yote.

"Na zile fomu za kweli," mkaguzi akaongeza. "Mwenzangu akija akazikuta hapa, mmekwisha."

Mhuri alimfungia zote kwa kamba, akamshukuru, akamsindikiza hadi getini.

Siku ya nne alipita wodi ya wazazi akitafuta akina mama wa kuwapa dharura. Kando ya kitanda cha dirishani aliketi mkaguzi, amevaa ovaroli lenye gundi na vumbi la mbao, amempakata mtoto mchanga. Mama Usingizi alikuwa akimpima mzazi presha.

"Wewe!" Mhuri alisema. "Wewe si mkaguzi!"

"Seremala," yule mtu akasema kwa upole. "Jipu la kidole ni mimi. Mke wangu alipangiwa upasuaji, kadi ya bima ikakataa. Eti nimelala saa tano za dharura, kikomo cha familia kimekwisha. Huyu mama aliomba bima orodha ya saa zake, ndiye aliyenionyesha hesabu."

"Hela yangu iko wapi?"

"Imelipia huyu. Dirishani kwa keshia, risiti ninayo. Iliyobaki nimeipeleka bima leo asubuhi, pamoja na fomu zako. Wamefurahi sana kuzipata."

Kwa mazoea tu, Mhuri alitupa jicho kwenye fomu iliyoning'inia kitandani. Dharura: hapana. Dakika: hamsini na mbili. Ilimchoma moyo kuliko bahasha.

Chini uwanjani magari mawili yalisimama. Walishuka watu wa bima wenye mabegi ya kompyuta, na mzee akawakimbilia akiwa ameinua mikono, akipiga kelele kwamba yeye alidanganywa, na kwamba mwizi mwenyewe yuko humuhumu ndani. Alilinyooshea kidole dirisha la wodi.

"Mama," Mhuri akanong'ona, "hospitali hii ina mlango wa nyuma?"

"Upo," Mama Usingizi akajibu bila kuacha kupima presha. "Unapitia mochwari."

Mhudumu wa mochwari, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alisema baadaye kwamba katika miaka yake kumi na minane pale, huyo ndiye pekee aliyepita mikononi mwake akiwa na haraka.