Malalamiko Kuhusu Kuondolewa kwa "bila_picha"

Ihumwa, Dodoma
Jumanne, 2 Desemba

Kwa Ndugu Sila,
Mtunzaji wa programu ya ramani za mvua,

Najua wewe ni shemeji yangu, lakini leo nakuandikia kama raia aliyeonewa. Ushemeji tuuweke kabatini hadi nimalize.

Kama ujuavyo, programu yangu ya kuwatumia wakulima wa Haneti taarifa za mvua imejengwa juu ya yako. Jana niliweka toleo lako jipya, nikaiagiza kompyuta iijenge programu upya. Ikagoma: "Chaguo bila_picha halijulikani." Halijulikani! Miaka minne limezuia picha nzito zisiingie kwenye simu ndogo za wakulima, leo halijulikani, kama mgombea aliyeshindwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hukuniuliza. Hata jogoo hachinjwi kabla mwenye banda hajaulizwa.

2. Nililiandika chaguo kwa herufi kubwa, nikidhani kompyuta haisikii vizuri. Nikaizima, nikaiwasha, nikaisemesha kwa upole. Kaka yako akapita, akaniuliza, "Evarista, umeiamkia?" Niliiamkia, Ndugu Sila. Haikuitikia.

3. Bi Paulina wa Haneti amepiga simu mara tatu: "Mwanangu, nipande alizeti leo au nisubiri?" Nikamwambia asubiri kidogo, programu inaumwa. Akauliza imelazwa hospitali gani, aje kuiona.

4. Kwa hiyo naomba bila_picha lirudishwe kabla ya Ijumaa. Na kuanzia sasa, chaguo lolote likitaka kuondolewa, ukoo uitwe, mjadala ufanyike, muhtasari usainiwe na pilau lipikwe. Ukikataa, nitalifikisha suala hili kwa mama mkwe, ambaye hajawahi kuona faida ya kompyuta na atafurahi kupata ushahidi.

Nisalimie Ruthu na watoto. Zabibu za Hombolo zikiiva nitawaletea, wewe ukiwa wa mwisho kwenye foleni.

Wako mwenye majonzi ya kiufundi,
Evarista

N.B. Kabla sijaifunga bahasha nimesoma maelezo ya toleo lako. Mstari wa kwanza kabisa unasema picha haziingii tena mpaka mtu aziombe, hivyo bila_picha halina kazi, lifutwe. Chini yake umeandika: "Limeondolewa kwa ombi la Evarista, aliyechoka kuliandika kila mara." Nimefuta mstari mmoja wenye bila_picha kwenye programu yangu, ikajengwa kwa dakika mbili. Bi Paulina amepata ujumbe wake: mvua itanyesha mchana. Amejibu kwamba anashukuru sana, na kwamba ameusoma akiwa amejifunika turubai.